Likizo Mferejini Wakati wa Baridi

Kila nikimtumia shangazi yangu wa Mombasa picha za familia zinazokwenda likizo ya boti hapa Birmingham mwezi wa Desemba, watoto wamefunikwa makoti hadi puani na ukingo wa maji umeota barafu, hujibu: "Mwanangu, huko hoteli zimekwisha?" Waswahili wenzangu wa hapa hapa mjini nao hawana afadhali. Kwao mfereji huo ni mtaro, na anayelala mtaroni ama ni fukara ama amerukwa na akili. Zamani nilikuwa nacheka nao. Siku hizi nabishana.

Mtaro huo una wenyewe, na wenyewe wana adabu zao. Mwaka 1769 mfereji uliosimamiwa na James Brindley ulianza kuleta makaa ya mawe mjini kutoka Wednesbury. Malango yake ya maji, yaani vyumba vya kupandishia na kushushia boti, yana upana wa futi 7 hivi, ndiyo maana boti zake ni ndefu na nyembamba mpaka leo. Reli zilipokuja kunyang'anya mizigo, malipo yalishuka, na mabaharia wengi wakashindwa kodi ya nyumba. Wakahamishia mke na watoto botini, kwenye chumba cha futi 10 hivi kule tezini. Mama alishika kana, mtoto akamwongoza ukingoni farasi wa kuivuta boti. Watu wa nchi kavu waliwaita wachafu, na sheria ya mwaka 1877 ikaruhusu vyumba vyao vikaguliwe. Wachafu hao hao ndio waliosugua shaba ikang'aa, wakatundika sahani zenye ukingo wa matundu, wakachora mawaridi na makasri hadi kwenye madebe ya maji.

Familia ya likizo inarithi maisha hayo bila kujua, na kwenye baridi ndipo urithi unapoonekana. Kitovu chake ni jiko. Ni jiko dogo la chuma, na birika haliondoki juu yake. Anayelisimamia halikoki tu: usiku hulishindilia makaa, hubana tundu la hewa ili yaungue polepole, na asubuhi huondoa majivu, hufungua tundu na kuupuliza moto uliobaki. Likizimika usiku, chumba chote kitajua nani alizembea. Hatari yake shangazi angeielewa haraka, maana kwetu pia tumezika watu waliolala na jiko la makaa ndani. Matundu ya kupitisha hewa hayazibwi, hata upepo ukipenya vipi, na kengele ya hewa ya sumu haiguswi.

Kisha kuna adabu ya maji. Ukipita penye boti zilizofungwa, unapunguza mwendo hadi karibu kusimama, la sivyo kamba zao zitavutika na vyombo vyao vya ndani vitaanguka. Kikomo cha mwendo wenyewe ni maili 4 kwa saa, kwa hiyo haraka haina pa kukufikisha. Maji yakiganda juu, muungwana hapasui barafu karibu na boti za wenzake. Mapande yake hukwangua rangi ya ubavuni. Penye lango, kama maji yaliyomo yako kwenye kimo cha upande wa mwenzako, yeye ndiye anayetangulia. Birmingham imekaa juu, mifereji inateremka kutoka kwake, na kila lango likifunguliwa zaidi ya lita laki moja hushuka bondeni. Kumwaga maji hayo bila boti ndani ni ufisadi. Pale Farmer's Bridge malango ni 13 mfululizo, na familia huteremka ikiwa imegawana kazi: mmoja kwenye kana, wengine ukingoni na vishikio vya chuma vya kufungulia maji, wakikanyaga mbao zenye barafu kwa tahadhari.



Lakini yapo yanayoniuma. Barafu iliyoanza mwisho wa 1962 iliifunga mifereji hadi Machi 1963. Mizigo mingi ikahamia malori, haikurudi tena, na familia zikapandishwa nchi kavu. Tulichobakiwa nacho ni adabu, nazo zinachakaa. Nawaona wapangaji wa wikendi wakipita mbio wamevaa vipokea sauti, wakiyaacha malango wazi nyuma yao. Wengine hawaulizi hata kama njia iko wazi, ilhali majira haya ya baridi ndiyo shirika la mifereji, Canal & River Trust hufunga malango kwa matengenezo; wakikuta kizuizi, humlaumu fundi aliyesimama kwenye tope.

Na wapo wanaohamia kwenye maghorofa ya ukingoni kwa kupenda mandhari ya boti, kisha wanalalamikia moshi wa majiko. Hao siwawezi. Mtu anayenunua dirisha la kutazamia boti alidhani waliomo wanaota moto gani, mwezi wa Januari?