Swali Gani Linafaa Grafu ya Nukta?

Ndugu wanajumuiya, msimu wa tasnifu umefika tena, na kama kawaida wengine wana grafu kabla hawajawa na swali. Hasa ile grafu ya nukta, maana kompyuta inakuchorea mara moja. Sawa, lakini je, inaendana na swali lako?

Kila nukta ni mtu mmoja, au kitu kimoja, kilichotoa namba mbili. "Je, Wakenya hutuma pesa nyumbani kuliko Watanzania?" Hapana, hayo ni makundi mawili, chora pau tu yatosha. Ila "Je, aliyekaa huku miaka mingi hutuma zaidi?" ndilo lenyewe: kila mmoja anatupa miaka yake na kiasi chake, na namba hizo mbili haziachani. Ukipanga safu moja ya Excel toka ndogo hadi kubwa ukaisahau ya pili, umeshaharibu kila kitu.

Kosa baya zaidi ni kuwaacha nje wenye sifuri, na sisi wahandisi tuna mfano wake mchungu. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, huko Marekani, ulizuka ubishi kama baridi ingedhuru pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi za chombo cha anga Challenger. Wakuu waliangalia joto la zile safari zilizopata hitilafu tu. Zilikuwa 7, kuanzia nyuzi 12 hivi za Selsiasi hadi 24, na ukizitazama peke yake huoni mwelekeo wowote.

Walipaswa kuuliza: joto likishuka, hitilafu huongezeka? Hapo unahitaji safari zote 24, na zile salama uziandikie sifuri. Baadaye tume ya uchunguzi ilizichora zote. Safari 4 za nyuzi 17 kushuka chini, zote zilikuwa na hitilafu. Kati ya 20 za nyuzi 19 kwenda juu, ni 3 tu. Na asubuhi ile ya tarehe 28 baridi ilikaribia kugandisha maji! Chombo kililipuka sekunde 73 baada ya kuruka, na wote 7 waliokuwemo wakafa.

Kwa hiyo wewe unayeuliza habari za pesa za nyumbani, usiitupe fomu ya aliyejibu "sijatuma kitu". Mwandikie sifuri na miaka yake. Tupo wengi, hasa mwezi wa ada.