Safari ya Baisikeli Katika Njia ya Misafara

Baada ya sala ya Ijumaa vijana watatu wa hapa Kigongo walinijia kuniomba dua. Walikuwa wamesikia habari za Waislamu wawili wa Cape Town waliofika Makka kwa baisikeli mwaka 2010. Nao, kwa kuwa hawana uwezo huo, wakakusudia kwenda Tabora, wakiiita safari yao ziara tukufu.

Niliwaambia hivi: kufunga safari kwa ajili ya utukufu wa mahali, Mtume (s.a.w.) ametutajia misikiti mitatu tu, wa Makka, wa Madina na wa Al-Aqsa. Tabora haimo. Lakini kutembea katika ardhi ili kuzingatia ni jambo lililohimizwa na Kurani, na njia ile ina mengi ya kuzingatiwa. Tarehe 9 Julai 1858 Mwingereza Speke aliondoka Kazeh, ndiyo Tabora, akafika Mwanza tarehe 3 Agosti. Habari za ziwa alizipata kwa wafanya biashara Waarabu, miongoni mwao Snay bin Amir. Na mwenzi wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani, hata akafika Bara Hindi. Njia za misafara zilileta Uislamu bara, na hizo hizo zilipitisha watumwa katika minyororo. Azipitaye na ajifunze yote mawili, asijivunie nusu akaficha nusu.

Kisha tukapanga safari. Kutoka hapa kwa Shinyanga na Nzega ni karibu kilomita 350. Kwa kilomita 60 kwa siku, ni siku sita. Yafaa kwenda wakati wa kiangazi, kuondoka baada ya alfajiri, kupumzika jua likiwa kali, wala wasiendeshe usiku kwa ajili ya malori. Wachukue pampu, viraka, gundi, tyubu ya akiba na maji. Na wamchague mmoja wao awe amiri. Wakiisha kuvuka mpaka wa mji wao, adhuhuri, alasiri na isha waweza kuzisali rakaa mbili mbili. Magharibi hubaki tatu.

Nilipouliza kama wazee wao wameridhia, mmoja alinyamaza. Baisikeli yake ndiyo ibebayo samaki wa mama yake, mjane, kila asubuhi. Siku sita za kwenda na sita za kurudi, nani atawabeba? Naye hakuwa amemwambia.

Katika Suratul Baqara mahujaji wameamrishwa kuchukua masurufu, wakaambiwa kuwa masurufu bora ni ucha Mungu. Basi amchaye Mungu hutazama pia masurufu ya wale anaowaacha nyumbani.

Kijana alikwenda kumweleza mama yake. Wenzake wakaahirisha safari mpaka zipatikane fedha za kumlipa mchukuzi kwa siku zote kumi na mbili. Dua niliwaombea siku ile ile. Mwenyezi Mungu awafikishe na kuwarudisha salama. Amin.