Arlo Parks na albamu iliyoiita huzuni kwa jina lake

USIKU wa Septemba 9, 2021, katika ukumbi wa Eventim Apollo uliopo Hammersmith, magharibi mwa jiji la London, binti wa miaka 21 alitangazwa mshindi wa Mercury Prize, tuzo inayotolewa kwa albamu bora ya mwaka kutoka Uingereza na Ireland.

Binti huyo ni Arlo Parks, na Hammersmith ndiko alikokulia. Albamu iliyompa ushindi, ‘Collapsed in Sunbeams’, ilikuwa ya kwanza kwake na ilikuwa imeingia sokoni Januari 29 mwaka huo huo.

Ilizishinda albamu nyingine 11, zikiwamo za makundi ya Wolf Alice na Mogwai, ambayo yote mawili yalikuwa yamefika namba moja katika chati ya Uingereza mwaka huo. Ya kwake iliishia namba tatu.

Ni kipi basi kilichoipa nguvu kazi ya msichana ambaye miaka mitatu tu nyuma hakuwa na wimbo hata mmoja sokoni?

Mshairi kwanza, mwimbaji baadaye

Jina lake halisi ni Anaïs Marinho. Alizaliwa London Agosti 9, 2000, katika familia yenye asili ya Nigeria, Chad na Ufaransa. Kabla ya kushika kipaza sauti alikuwa mwandishi wa mashairi, na jina la Arlo Parks alijitungia mwenyewe akiwaiga wasanii aliowahusudu, King Krule na Frank Ocean, ambao nao hutumia majina ya kubuni.

Wimbo wake wa kwanza, ‘Cola’, ulitoka mwaka 2018. Mwaka uliofuata alitoa rekodi fupi mbili, ‘Super Sad Generation’ na ‘Sophie’, ambazo zilimtambulisha kwa vijana wa rika lake.

Mapenzi ya vitabu hayakumtoka. Hata jina la albamu yake limetokana na maneno yaliyomo katika riwaya ya ‘On Beauty’ ya mwandishi Zadie Smith, na kipande kinachofungua albamu si wimbo bali ni shairi analolighani kwa sauti ya chini.

Maana ya ‘indi’

Muziki wake huwekwa katika kundi la pop ya indi. Neno hilo ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya kujitegemea. Hapo awali lilihusu biashara zaidi kuliko ladha: lilimaanisha muziki unaotolewa na kampuni ndogo zilizo nje ya himaya ya kampuni kubwa kama Universal, Sony na Warner.

Baadaye neno hilo likawa pia jina la mtindo: ala chache, sauti isiyopigiwa makelele, na mashairi yanayofanana na mazungumzo ya watu wawili.

Arlo Parks anaingia katika maana zote mbili. Albamu yake ilitolewa na Transgressive, kampuni huru ya London iliyoanzishwa mwaka 2004. Nyimbo zake zimejengwa juu ya ngoma za taratibu, besi na gitaa, na sauti yake haipandi hata mara moja kushindana na ala.

Studio ndani ya nyumba ya kupanga

Sehemu kubwa ya albamu ilitengenezwa mwaka 2020, wakati Uingereza ikiwa imefunga shughuli nyingi kutokana na virusi vya corona. Yeye na mtayarishaji wake, Gianluca Buccellati, walipanga nyumba kwa muda mashariki mwa London, wakazigeuza studio.

Baadhi ya nyimbo zilipitia mikononi mwa Paul Epworth, mtayarishaji aliyejipatia sifa kwa kazi zake na Adele. Hata hivyo, hali ya chumbani haikupotea. Anayesikiliza hujihisi ameketi karibu na anayeimba.

‘Mbwa mweusi’

Kiini cha albamu hiyo ni wimbo wa ‘Black Dog’, uliotangulia kutoka Mei 2020. Katika Kiingereza, ‘mbwa mweusi’ ni jina la tangu zamani la ugonjwa wa sonona. Waziri Mkuu wa zamani wa Uingereza, Winston Churchill, aliwahi kulitumia katika barua kwa mkewe.

Anayesimulia katika wimbo huo si mgonjwa. Ni rafiki yake, aliyesimama nje ya huzuni ya mwenzake asijue pa kuingilia. Hana dawa wala mahubiri. Anachoweza ni kumshawishi watoke kidogo, japo kufika dukani na kurudi. Anakiri kwamba anaogopa, na kwamba hajui maradhi hayo yametoka wapi.

Hapo ndipo ulipo uzito wa kazi hii. Nyimbo nyingi za pop huizungumzia huzuni kwa jumla, kama hali ya hewa. Arlo Parks huipa jina la mtu, chumba na siku. ‘Caroline’ ni ugomvi wa wapenzi wawili unaoshuhudiwa na mpita njia kituoni. ‘Green Eyes’ ni mapenzi ya wasichana wawili yaliyovunjwa na hofu ya macho ya watu.

Msikilizaji aliyelelewa na taarabu, ambamo mlengwa hufichwa ndani ya fumbo, atakutana hapa na njia iliyo kinyume kabisa. Mambo yamewekwa wazi, lakini hayakukosa staha.

Gharama ya kusema

Mwaka 2021 alipata pia tuzo ya Brit ya msanii anayechipukia, kisha akateuliwa kuwania tuzo mbili za Grammy za mwaka 2022. Ziara zilifuatana bila pumziko.

Septemba 2022 alifuta baadhi ya maonyesho yake nchini Marekani, akawaeleza mashabiki waziwazi kwamba amechoka mwili na akili na kwamba anahitaji kupumzika. Yule aliyeimba nje ya mlango wa rafiki alikuwa sasa yupo ndani ya chumba.

Alirejea. Mwaka 2023 alitoa albamu ya pili, ‘My Soft Machine’, pamoja na kitabu cha mashairi, ‘The Magic Border’.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Katika miji yetu kijana anayejifungia chumbani bado huitwa mvivu, mwenye kiburi au aliyerogwa, na wanaompenda hubaki mlangoni bila neno la kusema. ‘Black Dog’ haidai kuwa na tiba ya ugonjwa huo. Inachoonyesha ni namna mtu anavyoweza kubisha hodi.