Mvinyo Mwekundu Mbele ya Sahani ya Omena

Mvinyo mwekundu ukiwa na ladha mbaya Kisumu, mara nyingi wa kulaumiwa ni joto. Mapendekezo ya kuunywa bila kuupoza yalitoka Ulaya, kwenye nyumba za mawe zenye nyuzi 16 hadi 18 hivi. Kisumu mchana hugonga nyuzi 30. Kwa joto hilo kilevi huvukia puani na kuizima harufu ya tunda. Iweke chupa kwenye friji kwa saa moja na nusu, au kwenye ndoo ya maji na barafu kwa robo saa. Usitumie barafu tupu. Maji ndiyo yanayoikumbatia chupa pande zote.

Tuchukue mvinyo wa Dodoma, ambako zabibu nyingi hutoka katika mashamba madogo ya familia. Dodoma na Kisumu zinakaribiana kwa mwinuko, mita 1,100 na ushei juu ya bahari. Tofauti ni mvua: Kisumu hupata zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka, Dodoma haifiki 600. Mzabibu huugua ukungu penye unyevu, ndiyo maana umestawi kule na si huku kando ya ziwa. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, na zabibu nyekundu inayotamba huko huitwa Makutupora, jina la mahali penye kituo cha utafiti wa zao hilo.

Mimina kidogo, uinamishe glasi juu ya karatasi nyeupe. Ukingo wa zambarau ni dalili ya ujana. Wa kahawia ni wa umri, au wa hewa iliyopenya. Nusa: ukikutana na siki, usiendelee. Kisha onja, uache mvinyo uzunguke mdomoni. Uchachu hutiririsha mate. Ukakasi hukausha ufizi kama ndizi mbichi. Ukakasi huo ni tanini, itokayo kwenye maganda na kokwa.

Hapo ndipo unapouonja uamuzi wa mkulima. Kwenye nchi ya joto, zabibu hupoteza uchachu upesi kadiri inavyoiva. Akivuna mapema, tanini huwa mbichi na kali. Akichelewa, sukari hupanda, kilevi nacho hupanda, na mvinyo hulegea. Mvinyo mzuri hukuachia mate na ukakasi kwa kipimo, kimoja kisizidi kingine.

Sasa chakula. Wengi wameonja mvinyo mwekundu na omena, dagaa wa ziwani, wakabaki na shombo mdomoni, wakailaani chupa. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo ndiyo huchochea shombo hiyo yanapokutana na vyakula vya baharini. Mvinyo wenye chuma kingi ulikuwa na shombo zaidi. Mafuta ya samaki ndiyo yanayoharibika, na omena iliyoanikwa ina mafuta yaliyokwisha kupigwa na jua na hewa. Ngege, samaki mwenye mafuta machache, ana nafuu. Mbuzi wa kuchoma ndiye mwenzi wa kweli: protini ya nyama huikamata tanini kabla haijaukausha mdomo.

Kwa hiyo kabla ya kuihukumu chupa, ipoze, kisha ionje bila chakula, halafu na mbuzi. Ikikushinda hapo, basi kosa ni lake.