Makanga na Hofu ya TB

Makanga wengi hutuuliza: hizi noti tunazoshika kutwa nzima, haziwezi kutupa TB? Hapana. TB haiambukizwi kwa noti wala kwa kusalimiana kwa mkono. Huenda kwa hewa, mgonjwa wa TB ya mapafu anapokohoa, hasa mahali palipofungwa. Basi angalieni madirisha. Tunajua abiria wa alfajiri watanung'unika juu ya baridi. Wacha wanung'unike, fungueni hata kidogo.

Ukiwa na kikohozi kisichoisha, unakonda na kutoka jasho usiku, usikae ukinunua dawa dukani. Nenda hospitali ya serikali upimwe makohozi. Dawa za TB hapo ni za bure, kwa kawaida miezi sita. Anayezimeza vizuri, baada ya majuma machache huwa haambukizi tena, kwa hivyo mwenzenu akirudi stendi msimkimbie.