Gari la Naguru linalotafuta Fuji

Kila linapowashwa, gari hili husaka setilaiti lijue liko wapi, kisha hupitia orodha yake ya viwanja vya mashindano: Fuji, Suzuka, Tsukuba na vingine vya Japani. Halijioni humo, basi linajifunga. Mwendo wake hautavuka kilomita 180 kwa saa, ukanyage utakavyokanyaga, ingawa spidomita yake imeandikwa mpaka 340. Limekuwa likifanya hivyo tangu liliposhushwa melini Mombasa, na litaendelea kufanya hivyo hapa Naguru mpaka atokee mtu wa kulifungua kwa ujanja.

Ni Nissan GT-R, lile ambalo vijana wa mjini hulitaja kwa namba tu, R35. Limeegeshwa chini ya banda la mabati kwenye karakana moja, si mbali na makao makuu ya polisi. Nilikuwa nimefika mtaani humo kwa habari nyingine kabisa, ya namba mpya za magari, ambayo mhariri wangu bado anaisubiri. Fundi aliyekuwa ameegemea mlango wa karakana akaniita: "Afande, njoo uone gari lisiloamini kwamba liko Uganda."

Mimi si afande. Lakini fundi huyu amezaliwa na kukulia kambini, mtoto wa polisi, na Kiswahili chake ni kile cha kambi ambacho Kampala imekuwa ikikiogopa na kukihitaji kwa wakati mmoja. Kwake kila mtu ni afande, muuza chapati akiwemo. Ameniomba jina lake lisiandikwe, kwa kuwa gari si lake na mwenyewe hapendi mambo yake yajulikane.

Akafungua mlango, akanikalisha kwenye kiti cha dereva, akabonyeza kitufe chekundu cha kuwashia.

Msomaji anayeendesha Vitz, Noah au Premio hahitaji kuelezwa habari za magari ya mtumba yanayozungumza Kijapani. Unawasha asubuhi, sauti ya mama fulani inakuamkia na kukukumbusha kuweka kadi ya kulipia barabara, redio inaishia 90, nawe unazoea. Mama huyo yumo humu pia. Ila kioo cha katikati ni kitu kingine. Michoro yake ilibuniwa na Polyphony Digital, watu walewale wa mchezo wa Gran Turismo, na kinakuonyesha mambo ambayo dereva wa kawaida hajawahi kujiuliza: shinikizo la tabo, joto la mafuta ya injini, joto la mafuta ya giaboksi, umekanyaga breki kwa nguvu gani, hata jinsi unavyosukumwa pembeni kwenye kona. Fundi anasema mara ya kwanza aliliona gari hili kwenye kibanda cha PlayStation, akiwa mwanafunzi aliyetoroka kipindi. Alipolipata mikononi mwake miaka mingi baadaye, vipimo vilikuwa vilevile, mahali palepale.

Hasomi Kijapani. Vitufe anavijua kwa nafasi zao na maandishi kwa maumbo yao. Herufi moja anaiita "ngazi", nyingine "mtu aliyebeba kuni". Ukitaka kufika kwenye mafuta ya giaboksi, unaingia kwenye ngazi, unashuka mara mbili, unamkuta mtu wa kuni, unambonyeza. Nilimuuliza kwa nini asitumie simu kutafsiri. Alijaribu, akasema, lakini tafsiri ilimchanganya zaidi, kwani simu ilimpa maneno na yeye alikuwa anatafuta njia.

Kisha akanionyesha ramani. Mshale umesimama katikati ya uwanda mtupu. Hakuna Jinja Road, hakuna Ntinda wala Kololo. Hata Ziwa Victoria halimo. Ramani iliyojazwa kiwandani ni ya Japani peke yake, na nje ya hapo dunia imeachwa wazi. Fundi alilisogeza gari taratibu hadi getini, nasi tukautazama mshale ukitembea kwenye utupu huo kwa uaminifu kabisa, ukigeuka tulipogeuka, ukisimama tuliposimama. Nilibaki nimeukodolea macho mpaka akacheka.

Kufuli lenyewe lina historia ambayo wengi tumeikalia bila kuijua. Watengenezaji wa Japani wana mapatano ya miaka mingi kwamba gari la kuuzwa nchini mwao lisivuke kilomita 180 kwa saa. Ndiyo sababu spidomita za magari mengi tunayoletewa huishia hapohapo. R35 ilipotoka mwaka 2007, Nissan walitafuta njia ya kuheshimu mapatano na bado kumpa mwenye gari nafasi ya kulijua gari lake: akifika kwenye uwanja uliosajiliwa, gari linatambua, linamuuliza, anakubali, gavana la mwendo linaachia. Akitoka, linarudi. Yaliyouzwa Uingereza na Marekani hayakuwekewa gavana hilo. Na ya Uingereza, kama yetu, yana usukani kulia. Kwa nini basi mteja hakununua huko?

"Chumvi," fundi akajibu. Waingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, nayo hulila gari kwa chini. "Afadhali gari lenye kufuli kuliko gari lenye kutu."

Mwenye gari sikukutana naye. Ninachojua nimekipata kwa fundi. Alikuwa na Subaru Impreza WRX STI na Mitsubishi Lancer Evolution, zote mbili nzima, zote mbili zikitunzwa kwenye karakana hii. Alizitoa zote kwa dalali mmoja, akaongeza pesa juu, akapata R35 moja ya mwaka 2015 iliyotumika. Ndoto yake ya awali ilikuwa Honda NSX ya zamani, lakini NSX ile ilikoma kutengenezwa mwaka 2005, na sheria ya Uganda ya mwaka 2018 inakataza kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyomfanya atoe magari mawili badala ya moja. R35 zilizo rahisi ni zile za mwanzo, nazo zinazidi kufungiwa nje: za 2007 zilifika mwisho 2022, za 2008 mwaka uliofuata, na kuendelea. Kila Januari mwenye ndoto analazimika kupanda kwenda gari jipya zaidi, la bei zaidi. Juu yake kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya 18 na tozo nyingine zinazopandiana. Upande wa pili nako mlango umefungwa: kiwanda kilitoa R35 ya mwisho Agosti 2025, baada ya magari yapatayo 48,000.

Wabunge walipopitisha sheria ile walikuwa wakifikiria moshi wa magari chakavu ya abiria, na walikuwa na haki. Sidhani kama kuna aliyewaza habari za mtu wa namna hii, wala sioni kwa nini angepaswa kumuwaza.

Fundi hakuulizwa ushauri kuhusu mabadilishano yale, na linamuuma. Anaitaja STI kama mtu anavyomtaja kijana wa nyumbani aliyehamia mbali. Aliifungia tabo mwenyewe, aliibadilishia shokapu kwa ajili ya barabara za vumbi, aliiona ikirushwa Busiika siku za mashindano huku matope yakiruka mpaka kwenye paa. "Ile ungeweza kuipeleka popote," akasema. "Hii naipeleka mpaka getini, halafu nafikiri."

Kufikiri kwake kuna kifaa. Nyuma ya mlango wa karakana kuna kijiti alichokikata kwa urefu wa sentimita 11, sawasawa na nafasi iliyopo kati ya tumbo la R35 na lami. Kabla gari halijafika, alitembea na kijiti hicho kutoka geti la mteja hadi Lugogo Bypass, akisimama kwenye kila tuta, akikisimamisha pembeni na kuchungulia kwa jicho moja. Watu walidhani ni wa halmashauri. Mama mmoja alimfuata kumlalamikia mtaro.

Nilifikiri tuta likizidi kijiti gari halipiti, lisipozidi linapita. Sivyo. Tuta pana, hata likiwa refu kidogo, magurudumu hulipanda na gari zima huinuka nalo. Adui ni lile jembamba lenye mgongo mkali, lililomwagwa na wakazi wenyewe usiku: magurudumu ya mbele yanashuka wakati ya nyuma hayajapanda, na tumbo linakaa juu ya zege. Hayo huyaendea kwa mshazari, gurudumu moja moja, huku mtu akiwa amechuchumaa nje akiangalia. Mawili hayakukubali hata mshazari, kwa hiyo gari hilo halipiti njia fupi. Linazunguka kilima.

Aniwie radhi fundi, lakini hapo ndipo niliposhindwa kujizuia kumtaja Shekhar Mehta. Alizaliwa Uganda, akawa miongoni mwa Waasia walioondolewa na Idi Amin mwaka 1972, na mwaka 1973 akashinda Safari Rally kwa Datsun 240Z, gari la spoti la milango miwili, katika matope yaliyoweza kumeza trekta. Alishinda tena mara 4 mfululizo, 1979 hadi 1982, akiwa bado na kampuni ileile. Datsun ndiyo Nissan. Kampuni iliyojipatia jina la ugumu kwenye barabara za Afrika Mashariki ndiyo iliyotengeneza gari ambalo, likifika Afrika Mashariki, linaona mahali patupu.

Fundi aliniangalia kwa huruma kidogo. "Afande, 240Z haikuwa na kompyuta."

Sasa mteja anataka gavana litolewe. Kazi yenyewe si kubwa kwa anayeijua: kompyuta ndogo, waya, programu inayolipiwa kwa gari moja tu, na ujasiri wa kuandika upya kumbukumbu ya gari la mtu. Lakini atakimbilia wapi? Barabara ya kasi ya Entebbe, iliyofunguliwa 2018 na kuanza kutozwa ada Januari 2022, mwisho wake ni kilomita 100 kwa saa, na kwa shilingi 5,000 unapata raha ya dakika chache tu. Hapo kwenye geti la kulipia ndipo mahali pekee Uganda ambapo yule mama wa Kijapani anakaribia kusema la maana.

Nilimuuliza fundi kama dhamiri haimsumbui. Akajibu kwa swali. Ukinunua nyumba ya vyumba sita na unalala kimoja, utakubali muuzaji abaki na funguo za vitano?

Ni jibu zuri, na bado sikubaliani nalo. Chumba kisichotumika hakimgongi mpita njia. Anayedhani Kampala hakuna mahali pa kufika 200 hajasimama kando ya Northern Bypass saa nane usiku. Nilimwambia hivyo. Alinyamaza, akapangusa mikono, akasema amefungua gari nyingi na hajawahi kuzikwa mteja wake. Kisha akagusa mbao ya kaunta.

Lakini kuna mlango mmoja ambao yeye mwenyewe hataki kuufungua. Aliinua boneti. Juu ya injini kuna kibati kidogo chenye jina la mtu. Injini za R35 hufungwa kwa mkono huko Yokohama, kila moja na fundi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na aliyeifunga hii ameacha jina lake. Mvulana wa kuosha magari ameshaonywa kwamba kibati hicho kinafutwa kwa kitambaa kikavu, si brashi. Tabo ataigusa, breki ataigusa, kompyuta ataiandika upya. Injini yenyewe ikifa, anasema, ataifunga kwenye sanduku, ipelekwe kwa watu wanaozijua, Dubai labda. Hawezi kulegeza boliti iliyokazwa na mtu aliyesimama nyuma ya kazi yake kwa jina. Nilimkumbusha kwamba yeye ameniomba jina lake lisiandikwe. Alicheka sana, lakini hakubadilisha msimamo.

Na giaboksi? Iko nyuma, imeunganishwa na ekseli, ina klachi mbili na mafuta yake ya pekee. Hajawahi kuifungua. Hamjui mtu Kampala aliyewahi. Mteja analijua hilo? Fundi aliinua mabega. Swali la bima nalo liliishia hapohapo.

Simu ya mteja ililia nikiwa naaga. Fundi aliweka sauti kubwa, sijui kwa makusudi au kwa sababu mikono ilikuwa na grisi. Mazungumzo yalikuwa mafupi, Kiganda na Kiswahili kwa mchanganyiko. Gavana litoke wiki hii. Ramani iwekwe ya Uganda kama inawezekana, isipowezekana iachwe. Redio ifike 108.

"Na yule mama wa Kijapani, ssebo? Nimzime?"

Hapana. Huyo aachwe.

Fundi alisubiri sababu. Mteja alikuwa ameshakata simu.