Taa ikififia delta, jua lisilaumiwe kwanza

Kati ya Nyamisati na vijiji vya ndani ya delta ya Rufiji, nyumba nyingi zina umeme wake zenyewe. Paneli iko juu ya bati au imefungwa kwenye mti mbele ya nyumba ya makuti, betri iko chini pembeni ya kitanda, na kontrola yenye taa ndogo imegongomewa ukutani. Kwa umeme huo mtoto anafanya kazi za shule, redio inatoa habari, na simu inapata chaji.

Simu hiyo si anasa. Mahali ambapo njia ya kwenda hospitali ni mkondo wa maji, na boti inasubiri maji kujaa ndipo ipite, simu iliyozimika usiku mama anaposhikwa na uchungu ni jambo la kufa na kupona. Ndiyo maana sola ikianza kusumbua, tatizo si la baba peke yake wala la fundi peke yake. Ni la nyumba nzima.

Mto Rufiji wenyewe ndio unaozungusha mitambo 9 ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza uliingiza umeme kwenye gridi ya taifa mwanzoni mwa mwaka 2024. Maji yakishatoka huko hushuka hadi kwenye delta na kuingia Bahari ya Hindi kupitia midomo mingi. Lakini kupitisha nguzo na nyaya katikati ya mikoko, matope na mikondo si kazi nyepesi, kwa hiyo familia nyingi za visiwani zinaendelea kutegemea volti 12 za betri.

Hawako peke yao duniani. Ulaya na Marekani wapo watu wanaoishi ndani ya magari yaliyotengenezwa kuwa nyumba, mengine yakiwa na umri wa miaka 30 au zaidi, na umeme wao wa ndani ni huohuo wa volti 12, wenye betri, fyuzi na paneli juu ya paa. Matatizo yao na ya mtu wa Kiongoroni, Maparoni au Msala yanafanana kwa kiasi kikubwa: taa zinafifia, betri haifiki asubuhi, waya unachemka. Tofauti ni kwamba huku kuna hewa ya chumvi, na duka la vipuri liko mbali.

Uchunguzi uanzie karibu

Kosa linalopoteza fedha nyingi ni kukimbilia kununua betri mpya. Taa ikififia, familia inachanga, mtu anapanda boti hadi Nyamisati kisha gari hadi Kibiti mjini, anarudi na betri, na baada ya wiki mbili taa inafifia tena. Betri ya kwanza huenda haikuwa na ubaya wowote.

Uchunguzi uanze na kile kilichozima, urudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye paneli. Kama taa moja tu imezimika na nyingine zinawaka, kosa liko kwenye balbu, holda, swichi au waya wa taa hiyo. Balbu ihamishiwe kwenye holda nyingine. Ikiwaka huko, balbu ni nzima. Kama nyumba nzima imezimika kwa mpigo, fyuzi itazamwe kwanza. Kama taa zote zinawaka lakini kwa unyonge, basi macho yaende kwenye vichwa vya betri.

Hapo ndipo chumvi ya pwani inapofanya kazi yake. Unga mweupe au wa kijani ukijikusanya pale waya unaposhikana na betri, umeme hupita kwa shida. Paneli inachaji, lakini chaji haiingii yote. Taa inahitaji umeme, lakini hautoki wote. Dawa yake ni rahisi. Paneli itenganishwe kwanza, kisha betri. Vichwa vioshwe kwa maji ya uvuguvugu yaliyochanganywa na magadi kidogo, yale ya kupikia maharage, bila kuruhusu maji hayo yaingie ndani ya betri. Visuguliwe kwa brashi, vikaushwe, nati zikazwe, halafu vipakwe grisi nyembamba kwa nje. Wakati wa kurudisha, betri iunganishwe na kontrola kwanza, paneli iwe ya mwisho. Mpangilio ukigeuzwa, kontrola inaweza kuungua.

Waya uliosokotwa kwa mkono na kufungwa na mfuko wa plastiki ni ugonjwa mwingine. Leo unashika, lakini baada ya masika moja shaba imekuwa nyeusi. Kiungo kizuri hukazwa kwa skrubu ndani ya konekta na kuwekwa mahali pakavu.

Mita ndogo yenye thamani kubwa

Kifaa kimoja kinachostahili kuwemo katika kila nyumba yenye sola ni mita ya kupimia volti, hata ile ya bei ndogo kabisa. Bila mita, fundi anabahatisha. Kwa mita, hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kusema tatizo liko wapi.

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika husoma kama 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12, imechoka na inaumia. Mchana jua likiwa kali na paneli ikichaji, namba hiyo hupanda hadi kwenye 14 na kitu. Kama adhuhuri ya jua kali mita bado inaonyesha 12.3 kwenye betri, na hakuna kinachotumika, chaji haifiki. Hapo pimwe kwenye nyaya za paneli zikiwa zimetolewa kwenye kontrola: paneli ya kawaida ya mfumo wa volti 12 inatakiwa kuonyesha kati ya 18 na 22. Ikionyesha hivyo, ipo sababu ya kuishuku kontrola au waya. Isipoonyesha, kosa liko juu ya paa.

Kuna betri inayojaa jioni na kukutwa tupu alfajiri. Jaribio lake ni la usiku mmoja. Kila kitu kitolewe kwenye betri baada ya jua kuzama, ipimwe kabla ya kulala, ipimwe tena kabla ya jua kuchomoza. Ikiwa imeshuka sana yenyewe, betri imekufa ndani. Betri hizi zina seli 6, kila moja ya volti 2 na kidogo. Seli moja ikifa, mita hubaki kwenye 10 na nusu hivi hata ichajiwe vipi. Lakini kama imeamka karibu na ilivyolala, betri ni nzima na kuna kitu ndani ya nyumba kinachoifyonza usiku.

Mara nyingi mfyonzaji huyo ni inveta. Inveta inayotumia wati 10 kwa kukaa tu imewashwa, hata kama hakuna kilichochomekwa, hula wati-saa 240 kwa saa 24. Ni karibu sawa na matumizi ya familia nzima kwa siku. Izimwe kila inapomaliza kazi.

Hesabu ya kibaba

Umeme wa betri ni kama mchele ndani ya debe: unaochotwa leo lazima urudishwe kesho. Betri ya ampia 70, ile ambayo wengi wanaiita N70, ina takribani wati 840 za saa moja. Lakini ikitumika zaidi ya nusu kila siku inakufa mapema, kwa hiyo zihesabiwe 420 tu.

Taa 4 za LED za wati 5, zikiwashwa saa 5, zinakula 100. Simu 3 zinakula kama 45. Redio ya wati 5 kwa saa 4 inakula 20. Televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa 4 inakula 120. Jumla ni 285. Paneli ya wati 100, ikipata saa 4 au 5 za jua zuri, huingiza kama 300 baada ya upotevu. Nyumba hiyo inalala salama.

Sasa mtoto mkubwa anarudi na feni ya wati 15 inayozunguka saa 8 za usiku. Inaongeza 120, jumla inakuwa 405. Kila siku kunatoka kingi kuliko kinachoingia, na mwisho wa wiki betri iko hoi. Familia itasema betri ni feki, kumbe ni feni. Si lazima feni iachwe. Inabidi tu televisheni ipunguzwe, au paneli iongezwe. Uamuzi huo ufanywe na wote wakiwa wamekaa pamoja, maana anayezimiwa televisheni bila kuelezwa ataiwasha wenzake wakilala.

Betri ya gari nayo isifananishwe na betri ya sola. Ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ikinyonywa polepole hadi chini kila usiku, haidumu.

Paneli nayo ina masharti. Delta iko kusini mwa ikweta, hivyo paneli itazame kaskazini ikiwa imeinama kidogo, ili mvua ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Kivuli cha kuti moja la mnazi kikiangukia sehemu ya paneli kinaweza kupunguza sehemu kubwa ya umeme wake. Mnazi uliokuwa mfupi paneli ilipofungwa huenda sasa ndio tatizo. Moshi wa jikoni nao huacha masizi. Kitambaa laini na maji baridi asubuhi vinatosha.

Waya mwembamba, safari ndefu

Umeme wa volti 12 hauvumilii waya mwembamba. Televisheni ya wati 60 huvuta ampia 5. Ikiwa mita 10 kutoka kwenye betri kwa waya wa milimita 1.5, zaidi ya volti moja hupotea njiani, na televisheni inapokea chini ya 11. Kwa waya wa milimita 4, upotevu haufiki nusu volti. Ndiyo maana chumba cha mwisho taa zake huwa na usingizi. Betri isogezwe katikati ya nyumba, au waya mnene ununuliwe mara moja.

Volti ndogo, moto mkubwa

Wengi huamini kwamba volti 12 haziui. Ni kweli hazirushi mtu, lakini betri ikipigwa shoti inamwaga mamia ya ampia kwa mara moja, na waya huwa mwekundu kama kaa. Katika nyumba ya makuti, hiyo ni dakika chache tu.

Kwa hiyo fyuzi ikae karibu kabisa na kichwa chanya cha betri, na ikiungua isibadilishwe kwa uzi wa waya wala karatasi ya sigara. Fyuzi iliyoungua imefanya kazi yake, itafutwe sababu. Anayefungua nati za betri avue pete na saa, na spana isigusishe vichwa viwili kwa pamoja.

Betri inapochaji hutoa gesi inayoshika moto. Isiwekwe chini ya kitanda cha mtoto, kwenye sanduku lililofungwa wala karibu na kibatari au jiko. Ile ya kujazwa maji iongezwe maji ya betri yaliyosafishwa, si ya kisima wala ya mto. Tindikali ikimrukia mtu machoni, aoshwe kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha apelekwe zahanati bila kusubiri kama itapoa.

Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoikumba Rufiji na Kibiti yaliacha fundisho lingine: betri na kontrola vikae juu ya usawa wa maji, kama watu wa bondeni wanavyojenga dungu shambani wakati wa mpunga. Vifaa vilivyozama visiwashwe mpaka vikauke na kukaguliwa. Na familia inayohamia dungu kwa miezi ya kulinda mpunga ikibeba betri yake, ibebe na fyuzi yake.

Betri ikifa isiwe chubwi

Ndani ya betri kuna risasi, na mvuvi anajua risasi inafaa kwa chubwi za nyavu. Isiyeyushwe nyumbani. Moshi na vumbi lake huingia mwilini na kudhuru zaidi watoto wadogo, akili zao na ukuaji wao, hata kwa kiasi kidogo. Mombasa, katika makazi ya Owino Uhuru, watoto na watu wazima walikutwa na risasi kwenye damu baada ya kiwanda cha kuyeyusha betri kufanya kazi jirani yao. Mwaka 2015 Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano ya kukifunga, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman.

Betri iliyokufa irudishwe ikiwa nzima, na tindikali yake ndani, kwa muuzaji au mnunuzi wa betri chakavu, na fedha yake ipunguze bei ya mpya. Isimwagwe kwenye mkondo ambao ni mazalia ya kamba na samaki wa nyumba hiyohiyo.

Kazi zote hizi zinaweza kugawanywa. Mmoja aoshe paneli kila Jumamosi, mwingine aandike volti za asubuhi na jioni kwenye daftari, wa tatu akaze nati mara moja kwa mwezi. Daftari la mwezi mmoja humwonyesha fundi mengi kuliko maelezo ya saa nzima, na humwonyesha mwenye nyumba kama kweli safari ya Kibiti inahitajika. Na simu moja ndani ya nyumba, iwe ya nani, ijazwe chaji kabla ya televisheni kuwashwa.